Kuunganisha Maneno kwa Kasi Ndani ya Kanzidata

Mhadhara uliotolewa Nyamiaga, wilayani Ngara, mbele ya watumishi wa afya, walimu na maofisa TEHAMA

 

Mhadhara huu una lengo moja. Unakusudia kuonyesha kwa nini kazi inayodhaniwa kuwa ndogo kuliko zote ndani ya kanzidata, yaani kuunganisha vipande vya maneno kuwa mstari mmoja, huweza kuufanya mfumo mzima uwe mzito, na jinsi ya kuurudishia kasi yake. Msimamo wake utajwe mapema, ili anayepinga apate muda wa kujiandaa: kuunganisha kwenyewe ni kazi nyepesi. Uzito huletwa na programu inayounganisha mahali pasipostahili, wakati usiostahili, na mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Kazi yenyewe kila mtu hapa ameiona. Mgonjwa anapofika dirishani, jina lake limehifadhiwa vipande vitatu: la kwanza, la kati na la ukoo. Skrini huonyesha jina moja. Anwani nayo ni namba ya nyumba, mtaa au kitongoji, kata, wilaya na postikodi, kama tulivyozoea tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022. Hati inayochapishwa huonyesha mstari mmoja. Katikati ya vipande na mstari huo kuna kitendakazi. Katika MySQL ni CONCAT na CONCAT_WS. Katika PostgreSQL vipo hivyo hivyo pamoja na alama ya mistari miwili iliyosimama, ||, ambayo ndiyo ya kiwango cha kimataifa cha lugha ya SQL. Na SQL Server kwa miaka mingi imetumia alama ya kujumlisha.

Ngara inajua uzito wa orodha ya majina. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya takriban saa 24, na kambi ya Benaco ikazaliwa. Kila aliyepewa chakula au dawa ilibidi awe na jina mahali fulani. Leo kazi hiyo hufanywa na kanzidata, na foleni ya akina mama wenye watoto mgongoni hurefuka au hufupika kwa kadiri kanzidata inavyojibu.

Hoja ya kwanza: jibu sahihi kwanza, kasi baadaye

Itashangaza kuanza na usahihi katika mhadhara wa kasi. Sababu ni kwamba marekebisho mengi ya kasi hubadilisha kitendakazi kimoja kwa kingine, na vitendakazi hivi havifanani tabia.

Chukueni jina la kati. Ng'ambo ya Mto Kagera, Rwanda, na vilevile Burundi, watu wengi wana majina mawili tu, na mtoto hupewa jina lake mwenyewe badala ya kurithi la baba. Fomu yenye nafasi tatu humwachia mtu wa namna hiyo nafasi moja wazi, na kanzidata huweka hapo alama ya NULL, maana yake taarifa haipo. Sasa angalieni. Katika MySQL, CONCAT ikikutana na NULL moja tu, jibu zima huwa NULL: mgonjwa mwenye jina la kwanza na la ukoo anaonekana hana jina kabisa. Katika PostgreSQL alama ya || hufanya vivyo hivyo, lakini CONCAT ya PostgreSQL huiruka NULL na kuendelea. Oracle nayo huhesabu NULL kama maneno matupu. Programu moja, seva tatu, majibu tofauti.

Dawa yake ni CONCAT_WS, ambayo hupewa kitenganishi mara moja na kuruka kila penye NULL bila kuacha nafasi mbili zilizofuatana. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 kwa kazi ya Eldoret nchini Kenya, huhifadhi majina katika jedwali liitwalo person_name, na ndani yake jina la kwanza, la kati na la ukoo kila moja lina kolamu yake. Anayeandika ripoti juu ya jedwali la aina hiyo bila kufikiria kolamu ya kati atapoteza watu, na hakuna ujumbe wa kosa utakaomwambia.

Kuna kupotea kwa aina nyingine, nako kumewaponyoka wengi. MySQL ina kitendakazi GROUP_CONCAT kinachokusanya majina ya mistari mingi kuwa orodha moja, mathalani watoto wote wa kijiji wanaodaiwa chanjo ya surua. Ukomo wake wa kawaida ni baiti 1,024. Jina la herufi 20 pamoja na mkato na nafasi ni baiti 22, hivyo orodha hukatika jina la 47 likiwa katikati. Kijiji kikiwa na watoto 60, mhudumu wa afya ataondoka na majina 46 kamili na kipande cha jina, na MySQL itatoa onyo ambalo programu nyingi hazilisomi. Ukomo huo huongezwa kwa mpangilio uitwao group_concat_max_len. Uongezwe kabla ya kuzungumzia kasi.

Hoja ya pili: gharama ya kunakili

Sasa tuingie ndani ya mashine. Maneno yakishawekwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta huwa yamepakana na vitu vingine. Hayawezi kurefushwa pale pale wakati wote. Mtu akiandika kitanzi kinachosema orodha ni orodha ya zamani pamoja na jina jipya, mara nyingi mashine hutafuta nafasi mpya, hunakili orodha yote ya zamani, kisha huongeza jina mwishoni. Ni sawa na karani ambaye kila akija mwanachama mpya hununua daftari jipya, akaandika upya majina yote ya zamani, ndipo aandike la huyo mmoja.

Walimu wa hisabati mliopo mtaitambua hesabu hii mara moja. Tuseme kuna majina 10,000 ya herufi 20 kila moja. Orodha iliyokamilika ina herufi 200,000. Lakini kwa njia ya karani, mashine itaandika 20, kisha 40, kisha 60, hadi 200,000. Jumla yake ni herufi 1,000,100,000. Zaidi ya bilioni moja, kwa orodha ya laki mbili! Majina yakiongezeka mara mbili, kazi huongezeka karibu mara nne, ndiyo maana programu iliyojaribiwa kwa majina 100 ofisini hukwama ikifikishwa wilayani.

Waliotengeneza PostgreSQL waliliona tatizo hili. Ndani ya seva hiyo kuna chombo kiitwacho StringInfo. Huanza na nafasi ya baiti 1,024, na kila inapojaa huongezwa maradufu: 2,048, kisha 4,096, na kuendelea. Kwa orodha yetu nafasi hiyo itaongezwa mara nane tu, ifike 262,144. Jumla ya herufi zote zitakazonakiliwa na kuandikwa haizidi 470,000. Linganisheni na bilioni.

Kitendakazi string_agg, kilichoingizwa katika toleo la 9.0 la mwaka 2010, hutumia utaratibu huo huo. SQL Server ilipata STRING_AGG mwaka 2017. Kabla ya hapo watu walizunguka kwa kutengeneza hati ya XML ili tu kupata orodha yenye mikato. Oracle ina LISTAGG tangu toleo la 11g la pili. Na mwaka 2023, PostgreSQL 16 iliruhusu string_agg igawanywe kwa vichakato kadhaa vinavyofanya kazi kwa pamoja, jambo lisilowezekana kabla yake.

Kwa hiyo ofisa anayekuta kitanzi cha namna ya karani ndani ya programu aliyorithi akiondoe, aweke kitendakazi cha kukusanya. Katika mambo yote ya mhadhara huu, hili ndilo lenye faida kubwa kwa jasho dogo.

Hoja ya tatu: kutafuta ndani ya kilichounganishwa

Hapa ndipo foleni ya mapokezi inapozaliwa, na hapa tukae kidogo.

Mhudumu anaandika sehemu ya jina. Programu inatuma swali: nipe wagonjwa ambao jina la kwanza, nafasi, jina la kati, nafasi na jina la ukoo, vikiunganishwa, vinafanana na nilichoandika. Jedwali lina wagonjwa 200,000. Kila kolamu ina faharasa yake, na aliyejenga mfumo anajivunia hilo. Hata hivyo faharasa hizo hazitatumika. Zimepanga majina ya kwanza peke yake na ya ukoo peke yake, na hakuna hata moja iliyopanga kile kilichounganishwa. Seva italazimika kusoma mistari yote 200,000, iunganishe majina 200,000, iyalinganishe yote, ili imrudishie mhudumu watu watatu. Mhudumu akiongeza herufi moja, kazi inaanza upya.

Anayetaka kuliona hili kwa macho aandike EXPLAIN ANALYZE mbele ya swali lake katika PostgreSQL. Akiona maneno Seq Scan juu ya jedwali kubwa, ajue seva inasoma kila mstari.

Tiba ziko tatu, na uchaguzi hutegemea watu wanavyotafuta. Kama mhudumu huandika jina la ukoo toka mwanzo wake, asiunganishiwe kitu: swali liulizwe kwenye kolamu ya ukoo peke yake, na kuunganisha kubaki kwa ajili ya kuonyesha tu. Faharasa ya kawaida itamsaidia, ila katika PostgreSQL inayopanga maneno kwa kanuni za lugha, faharasa hiyo itengenezwe kwa text_pattern_ops, la sivyo swali la LIKE, yaani la kufananisha maneno, litaipita bila kuigusa.

Kama ni lazima kutafuta jina zima, jina lililounganishwa lihifadhiwe. MySQL tangu toleo la 5.7, na PostgreSQL tangu toleo la 12 la mwaka 2019, huruhusu kolamu inayojijaza yenyewe kutokana na kolamu nyingine. Kuunganisha hufanyika mara moja mgonjwa anapoandikishwa au jina lake linaposahihishwa. Kisha kolamu hiyo huwekewa faharasa. Hapa PostgreSQL ina kigingi kinachowachosha vijana wengi: hukataa CONCAT na CONCAT_WS katika kolamu ya aina hiyo na katika faharasa. Sababu yake ina mantiki. Vitendakazi hivyo hupokea chochote, hata tarehe, na tarehe huandikwa kwa namna tofauti kulingana na mpangilio wa seva. Seva haiwezi kuahidi kwamba jibu la leo litakuwa la kesho. Alama ya || kati ya maneno na maneno haina shaka hiyo, kwa hiyo hukubaliwa. Wenye madaftari waandike:

jina_kwanza || coalesce(' ' || jina_kati, '') || ' ' || jina_ukoo

Isomeni taratibu. Jina la kati likiwa NULL, nafasi iliyotangulizwa mbele yake nayo hugeuka NULL, na coalesce huondoa vyote viwili kwa pamoja. Jina la watu wa mpakani linabaki safi, lenye nafasi moja katikati. Sharti ni kwamba jina la kwanza na la ukoo yawe yamejazwa. Likikosekana mojawapo, nalo liwekewe coalesce yake.

Tiba ya tatu ni ya wanaotafuta kipande cha katikati ya jina, kwa sababu mgonjwa hana hakika ya herufi za mwanzo au mwandishi wa kadi aliandika alivyosikia. PostgreSQL ina nyongeza iitwayo pg_trgm. Huvunja neno vipande vya herufi tatu tatu, ikihesabu nafasi mbili za mbele na moja ya nyuma. Neno ngara huwa na vipande sita, na vitatu vya ndani ni nga, gar na ara. Vipande hivyo huwekwa kwenye faharasa ya aina iitwayo GIN, na anayetafuta gar atapata jibu bila seva kusoma jedwali lote. Faharasa hii ni kubwa na hupunguza kidogo kasi ya kuandikisha. Kwa dirisha la mapokezi, ambako kutafuta ni kwingi kuliko kuandikisha, gharama hiyo inastahili kulipwa.

Hoja ya nne: unganisha mwishoni

Ripoti nyingi huunganisha majina kwanza, kisha hupanga, kisha huchagua 20 za juu. Geuzeni. Chagueni 20 kwa kutumia namba na tarehe, ndipo muunganishe majina 20. Mistari 200,000 yenye jina na anwani ya baiti 60 ni megabaiti 12, wakati PostgreSQL huipa kazi ya kupanga megabaiti 4 tu kama hakuna aliyebadilisha mpangilio wa work_mem. Kinachozidi huandikwa kwenye diski, na diski ya kompyuta ya kituo cha vijijini mara nyingi ndiyo kiungo chake dhaifu.

Wengine hukusanya kwa jina lililounganishwa: GROUP BY jina zima. Huko ni kuchelewesha na kukosea kwa pamoja, maana watu wawili wenye majina yale yale watahesabiwa kuwa mmoja. Kusanyeni kwa namba ya mgonjwa.

Kasoro ya jamii hiyo hiyo iko kwenye kuoanisha majedwali kwa misimbo iliyounganishwa. Mkoa 1 na wilaya 12 ukiziunganisha bila kitenganishi unapata 112. Mkoa 11 na wilaya 2 nazo ni 112. Takwimu za wilaya moja zinahamia nyingine kimyakimya. Linganisheni mkoa kwa mkoa na wilaya kwa wilaya, kila kolamu na mwenzake, na faharasa zitafanya kazi yake.

Hoja ya tano: kinachostahili kuhifadhiwa kikiwa kimeunganishwa

Baada ya kusema unganisheni mwishoni, ni haki kueleza pale ambapo kinyume chake ndicho sahihi. Mfano bora uko mikononi mwa watumishi wa afya waliokaa humu, maana wanautumia kila mwezi wanapotuma taarifa: DHIS2, mfumo unaotunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Tanzania imeufanya uti wa mgongo wa takwimu zake za afya na ambao hukaa juu ya PostgreSQL.

Ndani ya DHIS2 kila mahali, iwe nchi, mkoa, halmashauri au zahanati, pana utambulisho wa herufi na tarakimu 11. Jedwali la mahali lina kolamu iitwayo path, yaani njia. Humo huandikwa utambulisho wa nchi, kisha mkoa, kisha halmashauri, hadi kituo chenyewe, vikitenganishwa kwa mkwaju. Kituo kilicho ngazi ya tano kina njia ya herufi 60: mara tano ya mkwaju mmoja na herufi 11. Njia hiyo huunganishwa kituo kinaposajiliwa au kinapohamishwa, na kituo hakihami kila siku. Mtu wa mkoani, Bukoba, akitaka vituo vyote vilivyo chini ya Ngara, mfumo hauna haja ya kupanda ngazi moja moja kuuliza mzazi wa kila kituo ni nani. Huuliza tu: njia ipi inaanza na njia ya Ngara?

Namba ya kitambulisho cha NIDA ina tabia ya namna hiyo. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Hutengenezwa mara moja na huhifadhiwa ikiwa nzima. Hakuna mfumo unaoiunganisha upya kila raia anapoitaja.

Kanuni inayotokana na mifano hii miwili ni rahisi kupima. Kama kilichounganishwa hutafutwa mara nyingi na hubadilika kwa nadra, kihifadhiwe. Kama huonyeshwa tu, kiunganishwe wakati wa kuonyeshwa.

Hoja ya sita: maswali yasiunganishwe

Hii itapita haraka, lakini haiachwi. Vijana wengi huunda swali lenyewe la SQL kwa kuunganisha maandishi na alichoandika mtumiaji. Jirani zetu wa mkoa wa Geita wana wilaya iitwayo Nyang'hwale. Unganisha jina hilo ndani ya alama za nukuu za SQL, na ile alama iliyo baada ya ng itaifunga nukuu mapema. Swali litavunjika hapo hapo. Mwenye nia mbaya hutumia mwanya huo huo kusoma au kufuta asichoruhusiwa. Thamani zipelekwe kama vigezo, kando ya swali. Faida ya kasi nayo ipo: swali likibaki lile lile, seva inaweza kutumia tena mpango iliokwisha kuuandaa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kazi iliyo mbele ni kubwa kuliko ya jana. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na mifumo ya afya, vitambulisho, anwani na malipo inazidi kuulizana yenyewe kwa yenyewe. Kila maulizo ya aina hiyo hubeba majina na namba zilizounganishwa. Mfumo uliovumilika ulipokuwa na wagonjwa 5,000 utapimwa kwa laki kadhaa, na vijana waliomo humu ndio watakaoitwa kuurekebisha.

Ombi kwa maofisa TEHAMA wa Ngara na Biharamulo ni hili. Chukueni maswali matano yanayolalamikiwa zaidi katika mifumo mliyokabidhiwa, myapime kwa EXPLAIN ANALYZE, na mwandike muda wake kabla ya kubadilisha chochote. Anzeni na vitanzi vya kunakili, kisha utafutaji wa majina dirishani. Jaribuni kwa majina ya kubuni, wala si ya wagonjwa wenyewe, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawalinda. Mkishapima baada ya marekebisho, wapelekeeni wenzenu wa vituo vingine takwimu zote mbili, za kabla na za baada, pamoja na swali lenyewe lililorekebishwa, ili zahanati ya pili isianze tena kutoka sifuri.